Mkono Uliopooza Unadai Saa za Mazoezi Kabla ya Sumaku

Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walitangaza matokeo ya jaribio ambalo madaktari wa mishipa ya fahamu walikuwa wakilisubiri kwa hamu. Wagonjwa 199 wa kiharusi, wote wakiwa na mkono mmoja uliodhoofika, walihudumiwa katika vituo 12. Wengi wao walipigwa mapigo ya sumaku kichwani kabla ya kila kipindi cha mazoezi ya mkono. Waliobaki waliwekewa chombo cha kuigiza, kisichokusudiwa kupeleka dozi ya tiba, kisha nao wakafanya mazoezi yale yale. Miezi sita baada ya tiba kumalizika, asilimia 67 ya waliopata sumaku ya kweli walikuwa wamepiga hatua ya maana. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 65.

Tofauti hiyo haina uzito kitakwimu. Jaribio likahesabiwa kuwa limeshindwa.

Hata hivyo, mwaka 2020 jopo la wataalamu wa Ulaya likiongozwa na Mfaransa Jean-Pascal Lefaucheur lilipitia tafiti zilizokuwapo na kuipa tiba ya sumaku daraja A, daraja la juu kabisa la ushahidi, kwa mkono uliopooza kwa kiharusi, mradi itolewe katika wiki na miezi ya mwanzo. Hukumu mbili zilizotofautiana, ndani ya miaka miwili, juu ya kifaa kilekile. Wanaokitetea wanasema jaribio la Marekani lilichelewa, kwa kuwa wagonjwa wake walikuwa wameshapitisha kati ya miezi 3 na 12 tangu waugue. Wanaokitilia shaka wanasema tafiti ndogondogo zilizojazana upande wa pili zilikuwa na matumaini mengi kuliko ushahidi. Mabishano hayo yataendelea kwenye makongamano, na ni vizuri yaendelee.

Lakini namba inayostahili kubaki kichwani mwa msomaji wa Afrika Mashariki ni ile 65. Hao ni watu ambao hawakupata sumaku ya tiba. Walichopata ni mtaalamu wa mazoezi, kipindi baada ya kipindi kwa wiki sita, akiwapangia kazi za mkono zinazolingana na uwezo wao na kuzipandisha kidogo kidogo. Karibu theluthi mbili yao walipata nafuu iliyopimika, katika muda ambao wagonjwa wengi wa kwetu wamekwishaambiwa wazoee hali. Hapo ndipo mjadala wa teknolojia hii unapopaswa kuanzia kwetu.

Mkono wa kulia, katika mila za pwani na bara, ndio unaomega tonge, unaopokea kitu kutoka kwa mkubwa, unaotoa salamu. Mzee aliyepooza upande huo hulishwa kama mtoto au hula kwa kushoto mbele ya wajukuu aliowafundisha kutofanya hivyo, na wapo wanaoanza kula peke yao chumbani ili wasionekane. Fundi cherehani, msusi, mama lishe, kinyozi na dereva wa bodaboda hupoteza riziki kwa siku moja. Kwa hiyo habari ya kifaa kinachowekwa kichwani na kuamsha mkono, bila kisu wala kulazwa, lazima iwavute watu. Inastahili kuelezwa kwa ukweli wake wote.

Kifaa chenyewe kilizaliwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Anthony Barker, Reza Jalinous na Ian Freeston walishikilia duara la waya juu ya kichwa cha mtu mwenye afya, wakapitisha humo umeme mkali kwa muda mfupi mno, na misuli midogo ya mkono wa upande wa pili ikashtuka. Miaka mitano kabla yao, Merton na Morton, pia wa Uingereza, walikuwa wameshafaulu kuuchezesha mkono kwa umeme uliopitishwa kwenye ngozi ya kichwa, lakini mtu aliyejaribiwa aliumia. Fuvu huuzuia umeme. Uga wa sumaku hauzuiwi na fuvu wala haulijali. Unapita, na ndani ya ubongo unazaa mkondo mdogo wa umeme unaoziamsha seli.

Kanuni hiyo Michael Faraday aliieleza mwaka 1831: sumaku huzaa umeme pale tu nguvu yake inapobadilika. Mashine ya hospitali huibadilisha kwa kasi ya ajabu, ikifikia nguvu inayokaribia ile ya mashine ya MRI kisha kuzimika kabla jicho halijapepesa. Bangili ya sumaku inayouzwa kama dawa ya kupooza imetulia tuli. Haiwezi kuamsha hata seli moja ya ubongo, hata ikivaliwa mwaka mzima. Kuiuzia familia ya mgonjwa bangili hiyo kwa jina la sayansi ni kumdhulumu mtu aliye kwenye shida, na wanaosimamia masoko ya vifaa tiba wana kila sababu ya kuikemea biashara hiyo waziwazi.

Mkono ulipendelewa na watafiti tangu mwanzo kwa sababu ya mahali unapokaa kwenye ubongo. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa Montreal, aliwahi kugusa ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji na kuchora ramani ya viungo, iliyochapishwa mwaka 1937. Vidole na uso vilichukua eneo kubwa kupita kiasi. Na eneo la mkono liko juu, karibu na fuvu, wakati la mguu limejificha kwenye mfereji wa katikati unaotenganisha nusu mbili za ubongo. Sumaku hufika kwenye mkono kwa urahisi. Mguu huipa taabu.

Pigo moja hushtua tu. Mapigo yakirudiwa kwa mpangilio ndipo yanapoacha alama inayodumu kwa muda. Pigo moja kila sekunde, kwa dakika 15 au 20, kwa kawaida hupunguza wepesi wa seli za eneo hilo. Mapigo matano, kumi au zaidi kila sekunde huziongezea wepesi. Watafiti wakajenga nadharia juu ya jambo hilo. Nusu mbili za ubongo, walisema, huzuiana ili kila mkono upate zamu yake. Kiharusi kikiipiga nusu moja, nusu nzima hubaki bila wa kuizuia, nayo huigandamiza ile iliyojeruhiwa. Tiba basi ni kuituliza nusu nzima kwa mapigo ya polepole, au kuiamsha iliyoumia kwa mapigo ya haraka.

Ni nadharia nzuri, na Afrika ilishiriki kuipima. Mwaka 2005 Eman Khedr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Assiut, Misri, walichapisha jaribio la wagonjwa 52 waliokuwa na kiharusi kipya. Kwa siku kumi mfululizo, nusu iliyojeruhiwa ya ubongo ilipigwa sumaku, ya kweli kwa baadhi na ya kuigiza kwa wengine, juu ya tiba yao ya kawaida. Waliopata ya kweli waliendelea vizuri zaidi. Kazi ya Assiut imekuwa ikitajwa kwenye tafiti za dunia nzima tangu hapo. Inaonyesha kwamba utafiti wa aina hii unaweza kufanywa barani, na kikosi cha Waafrika, kwa wagonjwa wa Kiafrika, bila kusubiri majibu ya Boston au Berlin.

Nyufa zilianza kuonekana taratibu. Kuna wagonjwa ambao nusu iliyoumia imeharibika kiasi kwamba mkono wao hutegemea msaada wa nusu ile nzima. Kwao, kuituliza nusu nzima ni kuwanyang'anya kilichobaki. Mwaka 2014 Giovanni Di Pino na wenzake walipendekeza wagonjwa watenganishwe kulingana na kiasi cha ubongo kilichosalimika, badala ya kuwapa wote dawa moja. Na hata kwa watu wenye afya, ubongo wa binadamu haukutii mpangilio wa mashine. Masashi Hamada na wenzake huko London walijaribu mtindo mmoja maarufu wa mapigo ya haraka kwa watu 56 na kuchapisha mwaka 2013: kwa ujumla wao hapakuwa na badiliko. Baadhi walikwenda upande uliotarajiwa, wengine upande wa pili kabisa.

Ndugu wa sumaku ni umeme hafifu wa betri. Mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus, wakiwa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kuwa mkondo wa miliampea 1 tu, ukipitishwa kati ya sponji mbili zilizolowekwa maji ya chumvi na kufungwa kichwani, hubadilisha wepesi wa eneo la mkono kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Upande chanya huongeza, upande hasi hupunguza. Umeme huu hauushtui mkono. Huzifanya seli ziwe karibu zaidi au mbali zaidi na kufyatuka. Kifaa chake ni chepesi na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine ya sumaku. Mtu akisikia hivyo hujiuliza mara moja: kwa nini kila hospitali ya wilaya isiwe nacho?

Jibu la kwanza ni fuvu lilelile. Kikosi cha György Buzsáki kilipima umeme ndani ya vichwa vya maiti na kuchapisha mwaka 2018 kwamba takriban asilimia 75 ya mkondo unaowekwa juu ya ngozi hupotelea kwenye ngozi, nyama na mfupa. Jibu la pili lilitoka Marekani mwaka 2025, kwenye jaribio la wagonjwa 129 wa kiharusi. Baadhi walipata miliampea 2, baadhi 4, baadhi umeme wa kuigiza, na wote wakafanya mazoezi makali ya mkono ulioathirika. Umeme haukuongeza nafuu juu ya ile iliyoletwa na mazoezi.

Mara ya pili sasa mazoezi yanashinda pale kifaa kilipotarajiwa kung'ara.

Hilo halimaanishi kuwa uchocheaji wa ubongo ni upuuzi. Katika maradhi mengine umejipatia nafasi yake kwa haki: mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mashine ya sumaku kwa sonona mwaka 2008, kwa maradhi ya mawazo na vitendo vya kujirudia mwaka 2018, na kwa kuacha sigara mwaka 2020. Kwa mkono wenyewe, kuna ugonjwa mmoja ambao hadithi yake inafundisha kuliko yote, nao si kiharusi.

Leon Fleisher alikuwa miongoni mwa wapiga piano mahiri wa Marekani. Mwaka 1964, akiwa katikati ya miaka yake ya thelathini, vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja ndani ya kiganja bila ridhaa yake. Hakuwa amepata kiharusi. Ilikuja kujulikana kuwa ni distonia, hali ambayo ubongo uliofunzwa kazi moja ya vidole kwa maelfu ya saa huvuruga mipaka ya ramani yake mwenyewe, kidole kimoja kikiingilia amri ya kingine. Inakadiriwa kuwa mwanamuziki mmoja kati ya mia wa kulipwa huipata, na ugonjwa huohuo huwapata makarani na waandishi, ambao mkono hukaza mara tu wanaposhika kalamu, lakini hushika kijiko bila tatizo. Fleisher alifundisha, akaongoza okestra, akapiga kazi zilizotungwa kwa ajili ya mkono wa kushoto peke yake, hadi miaka ya 1990 alipopata nafuu ya sindano za botulinamu na kurejea jukwaani. Mwaka 2004 akatoa rekodi ya mikono yote miwili. Alifariki mwaka 2020.

Huko Hannover, Ujerumani, katika chuo ambako Eckart Altenmüller alikuwa akiwatibu wanamuziki wa aina hiyo, Shinichi Furuya na wenzake walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2014. Wapiga piano wenye distonia waliwekewa umeme hafifu: upande hasi juu ya nusu ya ubongo inayotawala mkono mgonjwa, upande chanya juu ya nusu ya pili. Wakati huohuo walipiga piano kwa mikono miwili, vidole vikienda pamoja kama mtu na kivuli chake kiooni, ili mkono mzima uuongoze ulioharibika. Mpangilio wa vidole ukaboreka. Mazoezi hayohayo bila umeme hayakutoa matokeo hayo, wala umeme bila mazoezi. Ilibidi viende pamoja, tena upande sahihi wa umeme na aina sahihi ya zoezi.

Huo ndio ushahidi bora wa kile kifaa hiki kinaweza kufanya na kisichoweza. Kuuchochea ubongo kisha kuuacha mkono ukae bure ni kumwagilia shamba lisilopandwa mbegu. Umeme na sumaku havina habari ya namna ya kushika kikombe. Kinachojua ni mkono unaojaribu, ukashindwa, ukajaribu tena.

Randolph Nudo aliliona jambo hili kwa nyani wadogo wa Amerika Kusini, katika kazi iliyotoka mwaka 1996. Nyani walioumizwa sehemu ndogo ya eneo la mkono kwenye ubongo, wakaachwa bila mafunzo, walipoteza hata sehemu ya jirani ambayo haikuguswa. Waliofunzwa kuchopoa vipande vya chakula kwenye vishimo vidogo, kwa marudio mengi kila siku, waliihifadhi ramani ya mkono, na wakati mwingine ikapanuka hadi eneo ambalo zamani lilikuwa la kiwiko na bega. Ubongo ulijipanga upya kwa sababu ulidaiwa.

Sasa yalinganishe hayo na yanayotokea hospitalini. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walichapisha hesabu waliyoifanya wakitazama vipindi vya tiba ya kiharusi Amerika Kaskazini, yaani katika nchi zenye wataalamu na bima. Katika vipindi ambavyo mkono ulifanyishwa kazi yenye maana, wastani ulikuwa marudio 32. Thelathini na mbili! Na hapo mgonjwa amefika, amekaa na mtaalamu wake, muda umelipiwa.

Uaminifu unadai kuongeza kwamba wingi peke yake hautoshi. Lang huyohuyo alijaribu dozi tofauti za marudio kwa watu waliopitisha miezi sita na zaidi tangu kiharusi, na mwaka 2016 akaripoti kuwa dozi kubwa haikutoa matokeo bora kuliko ndogo. Wakati wa kuanza una uzito wake. Mwaka 2021 Alexander Dromerick na wenzake wa Washington walitoa matokeo ya wagonjwa 72 waliopewa saa 20 za nyongeza za mafunzo ya mkono kwa nyakati tofauti. Walionufaika zaidi ni waliozipata siku ya 60 hadi ya 90 hivi tangu waugue. Waliongojea zaidi ya nusu mwaka hawakupata ziada ya kueleweka. Kwa upande mwingine, hospitali ya Queen Square mjini London, chini ya Nick Ward, imewapokea wagonjwa wa muda mrefu na kuwapa saa 90 za tiba ya mkono ndani ya wiki tatu, na wakatoka na nafuu iliyodumu hadi miezi sita. Mpango wa London haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usichukuliwe kama neno la mwisho. Lakini unatosha kumnyima daktari yeyote haki ya kumwambia mgonjwa wa mwaka wa pili kwamba mlango umefungwa.

Kwetu tatizo linaanzia mbali zaidi. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika eneo moja la Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9, kiwango kilichokuwa juu kuliko vilivyopimwa katika nchi nyingi tajiri. Chanzo kikuu kinajulikana kwa kila mhudumu wa zahanati: presha isiyopimwa, au iliyopimwa na dawa zake zikaachwa pale mgonjwa alipojisikia nafuu.

Kisha kuna siku za mwanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu namna watu wanavyoueleza ugonjwa huu uligundua kuwa mjini Dar es Salaam wengi waliuhusisha na mapepo na uchawi, wakati Hai maelezo ya kawaida ya mwili yalitawala zaidi. Familia inayoamini hivyo haifanyi ujinga. Inatafuta msaada pale inapoamini msaada upo, na mara nyingi mganga ndiye pekee anayempa mgonjwa muda wa kutosha. Lakini siku 90 za mwanzo huisha haraka barabarani kati ya kwa mganga na nyumbani, na siku hizo hazirudi. Viongozi wa dini na waganga wenyewe wangefaa kuombwa jambo moja tu: dua na dawa ziendelee, na mkono uanze mazoezi wiki hiyohiyo.

Atakayewafundisha mazoezi hayo ni nani? Shirika la Afya Duniani, lililozindua mpango wake wa utengamao mwaka 2017, linasema zipo nchi za kipato cha chini na cha kati zenye wataalamu wa utengamao chini ya kumi kwa kila watu milioni moja. Tanzania ina shule ya fiziotherapia KCMC, Moshi, ambayo imewatoa wataalamu kwa miongo mingi, na Kenya na Uganda zina za kwao. Wahitimu wapo. Kinachokosekana ni nafasi za ajira katika hospitali za wilaya, ambako mgonjwa wa kiharusi huruhusiwa akiwa na karatasi ya dawa za presha na hakuna hata mstari mmoja kuhusu mkono wake. Katika hali hiyo, kutumia fedha za umma kununua mashine ya sumaku kwa ajili ya mikono iliyopooza ni kupanga vibaya. Mashine moja hukaa kwenye jiji moja, na huhitaji mtaalamu wa kupima dozi kwa kila kichwa, umeme usiokatika na matengenezo. Mshahara wa mtaalamu wa fiziotherapia hufika Nzega, Lodwar au Arua.

Zaidi ya hapo, faida moja kubwa ya sayansi hii inaweza kupatikana bila kununua mashine. Cathy Stinear na wenzake wa Auckland, New Zealand, wanaitumia sumaku kama kipimo: wanapiga pigo moja kichwani mwa mgonjwa wa siku chache, na msuli wa mkono ukijibu, njia ya amri bado ipo hai na mkono una matumaini. Lakini mpango wao hauanzi na sumaku. Unaanza na mikono ya mhudumu, siku ya tatu, akipima nguvu ya kuinua bega upande na ya kunyoosha vidole. Wengi hupata jibu hapo hapo, na mashine hubaki kwa ajili ya wale wasioeleweka. Waholanzi walishaonyesha jambo hilo mwaka 2010: mgonjwa anayeweza kunyoosha vidole kidogo na kuinua bega ndani ya siku mbili au tatu za mwanzo alikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurudishiwa kiasi fulani cha ustadi wa mkono baada ya miezi sita. Asiyeweza chochote alikuwa na asilimia 25. Kipimo hicho ni cha dakika mbili. Kila muuguzi wa wodi anaweza kukifanya na kukiandika kwenye faili, na familia ikaambiwa ukweli badala ya maneno ya kutuliza.

Tiba zenye ushahidi nazo ziko karibu na uwezo wetu. Edward Taub wa Alabama alijenga njia ya kuufunga mkono mzima kwenye glavu nene ili ulioathirika ulazimike kufanya kazi, na jaribio la wagonjwa 222 lililotoka mwaka 2006 lilionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida, kwa wale ambao vidole na kifundo cha mkono viliweza kunyooka kidogo. Huko Vancouver, Janice Eng na wenzake wameandaa mpango wa mazoezi ya nyumbani ambayo mgonjwa hujifanyia mwenyewe akisaidiwa na ndugu. Kuokota maharagwe moja moja, kukunja kanga, kufunga na kufungua vifungo vya shati, kusonga ugali laini, kusuka ukili kwa aliyezoea kusuka: yote ni mazoezi halali, mradi mtaalamu ayapange yalingane na uwezo, mkono uushirikishe ubongo kwa makini, na ndugu wasimvute mgonjwa kwa bega lililolegea wanapomnyanyua, maana bega hilo huumia kwa urahisi.

Watafiti wa Muhimbili, Makerere na Nairobi waachwe, tena wasaidiwe, waingie kwenye majaribio ya sumaku na umeme kama walivyofanya wenzao wa Assiut. Wanaweza kupata jibu ambalo Ulaya na Marekani hazijalipata: je, kifaa cha bei nafuu kikiunganishwa na mazoezi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo kinamsaidia nani hasa? Hilo ni swali la utafiti, lenye kamati ya maadili na mgonjwa asiyelipishwa. Kuuza tiba hiyo kliniki kama jambo lililothibitishwa kwa kila mkono ni kitu kingine. Wala mtu asijitengenezee kifaa cha betri nyumbani. Mwaka 2016 watafiti wa fani hiyohiyo walitoa barua ya wazi wakionya kuwa umeme huo hufika mbali kuliko sehemu iliyokusudiwa, na athari zake za muda mrefu kwa anayejitumia kila siku hazijapimwa. Mashine ya sumaku nayo haimfai mwenye chuma kichwani au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, na mwenye kifafa au kifaa cha moyo lazima daktari amchunguze kwanza.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilihamia mfumo wake mpya wa bima mwaka 2024. Huu ndio wakati wa kuandika kwenye vitita vya huduma idadi ya saa za fiziotherapia na tiba ya mkono ambazo kila mgonjwa wa kiharusi anastahili katika siku 90 za mwanzo, na kuajiri watu wa kuzitoa hadi ngazi ya wilaya. Wabunge wanaoombwa fedha za mashine mpya waulize kwanza saa hizo ni ngapi.

Na wewe msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, usisubiri sheria. Kabla hajaruhusiwa, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe mazoezi na akuandikie ratiba. Presha ipimwe na dawa zisikatishwe. Ukiletewa tiba ya sumaku au umeme kwa bei kubwa, muulize muuzaji mambo mawili: mgonjwa wako atafanya mazoezi ya saa ngapi pamoja na kifaa hicho, na nani atayasimamia. Akikosa majibu, fedha hiyo mpelekee mtaalamu wa mazoezi.